Muuza Panga Asiyeshusha Bei

Msinicheke mpaka nimalize. Hapa Guangzhou, China, katika hoteli yetu ya mtaa wa Xiaobei, nimenogewa na mchezo wa televisheni. Unamwongoza shujaa kijiji kwa kijiji, anapambana na mazimwi, anazidi kupata nguvu. Muziki wake mtamu, na ukishindwa unaruhusiwa kurudia. Kasoro yake ni moja tu, nikamweleza Mama Zuhura, mfanyabiashara mgeni kutoka Dar aliyetaka nimfundishe kupatana bei kabla hajatia hela zake zote kwenye viatu: muuza panga ni mkaidi mno.

"Tazama, mama. Ninauliza bei, ninakataa, ninaondoka polepole. Ataniita tu."

Hakuniita. Nikarudi, nikakataa tena.

"Umeanza naye lini?"

"Tangu nilipofika mjini. Ndiyo maana shujaa wangu bado anapigana kwa fimbo. Subira, mama!"

Dada wa mapokezi, Mchina aliyejifunza Kiswahili kwa wateja, akaangua kicheko. "Bosi, huyo si mtu! Yuko ndani ya mashine. Bei yake haishuki!"

Mama Zuhura akaukumbatia mkoba wake. "Mwanangu," akamwambia yule dada, "kesho una nafasi ya kunipeleka sokoni?"