Soketi za Maji Ukumbini Yakobi

Wenzangu mliokulia Njombe enzi zetu, zile za sweta la shuleni kuwa ndilo hilo hilo la kanisani, baridi ya mwezi wa saba mnaikumbuka? Tunaamka pale mtaa wa Ramadhani umande umeganda juu ya majani, vidole havikunjiki, mama anatuita jikoni tuote moto kabla hata ya kunawa. Viazi vilichomwa kwenye majivu, tukavila na maganda yake, tukaenda shule midomo myeusi hivyo hivyo. Mtoto wa siku hizi ukimpa kiazi cha majivu anakuuliza tomato sosi iko wapi.

Baba yangu alikuwa fundi umeme. Wakati ule nyaya zilipitishwa ndani ya mabomba ya chuma, na bomba liliungwa na bomba kwa soketi, kile kipande kifupi chenye meno ndani, kinachozungushwa juu ya meno ya bomba. Wenzetu walicheza rede na kombolela. Sisi watoto wa fundi tulicheza hizo, halafu tukawa na mchezo wetu: unafumba macho, unapewa bomba na soketi, unazungusha, unasema kama vinapatana. Ukikosea, zamu ya kuchota maji ni yako. Mimi nilichota mara chache sana, jamani, acheni nijisifu. Lakini baba hakuturuhusu kugusa kitu kwa mikono ya baridi.

"Kaoteni moto kwanza," alikuwa akisema. "Mkono wenye ganzi hausikii meno yakipishana. Zungusha taratibu mpaka ikubali yenyewe. Spana ni ya kukazia, si ya kulazimisha."

Nilipokuwa na miaka kumi, baba alipewa kazi ya kuweka umeme kwenye ukumbi wa kanisa kule Yakobi. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, na kwaya zingeimba humo mpaka giza liingie. Wazee wa kanisa walimwambia wazi kwamba taa zisipowaka siku hiyo, kazi ya nyumba ya mchungaji atapewa fundi mwingine. Baba aliitaka sana kazi ile. Mama aliiombea kila tukikaa kula, hadi sala yenyewe tukaijua kwa moyo.

Basi soketi zikapungua. Mdogo wake baba, ambaye aliishi Makambako, akaagizwa azinunue huko, maana maduka yao hayakukosa kitu. Jumamosi asubuhi baba mdogo akashuka kwenye lori na mfuko wa soketi mpya zinazong'aa, anagawa salamu za "kamwene, kamwene" kwa kila mtu kama anaomba kura. Baba alikuwa juu ya ngazi, upande wa pili wa ukumbi. Mimi nilikuwa nimeleta chai, na mikono yangu ilikuwa na joto la birika. Nikachukua soketi moja, nikaizungusha kwenye bomba lililotokeza ukutani. Ikaenda mara moja, mara mbili, ikagoma. Nikaifungua, nikaanza upya. Ikagoma palepale.

"Baba mdogo, hii haipatani."

"Haipatani nini? Bomba la milimita ishirini, soketi ya nusu inchi. Ishirini na nusu ni kitu kimoja, mwenye duka mwenyewe kasema. Lete spana!"

Sasa nyie mnajua tulivyolelewa. Mtoto hambishii baba mdogo, tena mbele ya akina mama wa kwaya waliokuwa wakifagia. Ila nilijua akiikaza kwa nguvu meno ya bomba yatakatika, na mabomba yalikwisha kufukiwa ukutani. Kubomoa na kuanza upya kusingewezekana kabla ya Jumapili. Spana ilikuwa sakafuni, karibu na miguu yangu. Nikaikalia.

"Inuka, wewe!"

"Siinuki, baba mdogo. Nisamehe, lakini siinuki."

"Kaka! Njoo umwone binti yako!"

Mafagio yakasimama. Baba akashuka ngazi, nami nikajua leo fimbo ninazila. Akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza, "Umesikia nini mkononi?"

"Inaingia mizunguko miwili, halafu inakwama. Meno yake ni mapana kuliko ya bomba."

Akapuliza viganja vyake, akaijaribu mwenyewe kwa muda mrefu. "Hizi ni za bomba la maji," akasema. "Kwa macho hutajua."

Akakata kipande kifupi cha bomba chenye meno, akampa mdogo wake. "Usimtajie mwenye duka namba. Mpe hiki, akifungie soketi mbele yako kwa mkono." Baba mdogo akarudi Makambako bila hata kunywa chai, masikini, na jua lilipozama alikuwa amekwisha kuleta soketi zenyewe. Jumapili taa ziliwaka, kwaya zikaimba mpaka sauti zikakauka, na nyumba ya mchungaji tukaipata.

Leo nina duka dogo la vifaa vya umeme hapa Makambako. Mabomba mengi ni ya plastiki, unapaka gundi, unasukuma, kazi imekwisha. Vijana wananitumia picha kwenye simu: "Mama, nipe inayofanana na hii." Inayofanana! Nawaambia leteni chenyewe tujaribu, wananicheka, na kesho yake wanarudi kubadilisha. Siwalaumu, wana haraka kuliko sisi. Ila nawaonea huruma, maana sidhani kama kuna mkubwa aliyewahi kuchuchumaa akawauliza wamesikia nini mkononi.

Baba bado yuko Ramadhani, mzee sasa, anawasimulia wajukuu kisa cha Yakobi. Katika simulizi yake siku hizi mimi simo kabisa. Anashuka ngazi, anaitazama soketi kwa mbali, anatamka, "Hii ya maji!" Wajukuu wanapiga makofi, naye ananigeukia: "Au nasema uongo, mama?"

Nami niliyembishia baba mdogo mbele ya kwaya nzima namjibu, "Ndivyo ilivyokuwa, baba," huku nimefurahi mpaka machozi yananilenga.