Maziwa ya Faridu

Kwanza ijulikane kwamba Kuruthumu hakumnywesha mtu yeyote maziwa yake. Watu wa Mugumu wameligeuza jambo hili mpaka limekuwa jingine kabisa, eti kuna fundi cherehani anawapikia wageni chai ya maziwa ya kifuani, na wanaoongoza kulisimulia ni wale ambao hata hawakuwapo. Waliokuwapo wanajua vizuri ni nani aliyefungua friji.

Kuruthumu anashona sare za shule kwenye chumba chenye vyerehani sita, karibu na stendi. Mwenye chumba hataki mtoto mdogo kwenye vitambaa vya wateja, na hilo halina mjadala. Mwanawe Faridu alizaliwa kabla ya wakati, kadogo, na alipofika miezi mitano mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala tu. Alipotimiza miezi sita wakajaribu maziwa ya ng'ombe, akaharisha siku tatu, wakalazwa. Nesi wa kliniki ndiye aliyemwonyesha Kuruthumu njia: upike uji wa ulezi uwe mzito, uuache upoe, kisha uulegeze kwa maziwa yako mwenyewe uliyoyakamua. Viazi vitamu vivyo hivyo, ponda, tia maziwa, mpe.

Basi akawa anaamka alfajiri anakamua. Anayedhani ni mzaha ajaribu. Nusu saa nzima kwa mkono, kidole gumba kinakufa ganzi, na unachopata ni robo tatu ya kikombe. Anakifunika, anakiweka kwenye friji ya baba mkwe wake, anakwenda kazini. Mama mkwe, Bi Mwajuma, ndiye anayekitumia mchana kumtengenezea mjukuu uji wake. Ndani ya miezi miwili Faridu akafika kilo saba na gramu mia tatu. Kuruthumu alikuwa anaitazama ile kadi kila siku, hata pasipo na sababu, kuuangalia tu mstari ulivyoanza kupanda.

Na nyumba nzima ilijua! Mumewe Abdillah, anayeuza spea za pikipiki, alijua. Baba mkwe, Mzee Abdurahmani, mwenye bucha, alijua. Ila kwao yalikuwa mambo ya akina mama, yanaingia sikio hili yanatokea lile.

Jumamosi moja akaja Mzee Heche kutoka Nyambureti na dume lake la ng'ombe, alilete kwa Mzee Abdurahmani wakubaliane bei. Bi Mwajuma alikuwa ametoka kwenda kuchota maji, Faridu mgongoni. Mzee Abdurahmani akamwambia Abdillah aingie jikoni apike chai. Sasa mfugaji wa huku huwezi kumpa chai ya rangi. Ni kama umemwambia hukufurahi kuja kwake. Abdillah akafungua friji, maziwa ya ng'ombe hakuna, jirani ni hatua kumi, dukani hatua thelathini. Hakwenda. Alikiona kikombe, akafunua, akaona maziwa. Akayamimina yote kwenye sufuria, akatia tangawizi.

Mzee Heche alikunywa vikombe viwili. Akasifia. Akauliza huyo ng'ombe analishwa nini.

Saa saba mchana Kuruthumu akarudi, maana Jumamosi wanafunga mapema. "Shikamoo baba, shikamoo mzee," akawaamkia, akapitiliza jikoni, akafungua friji. Akarudi mlangoni. "Baba Faridu, maziwa ya mtoto yako wapi?"

"Yapi? Yale nimepikia chai."

"Yale niliyokamua?"

Jamani, wanaume wazima! Mzee Heche alitoka nje mbio akasukutua mdomo mara tatu, akatema mate mpaka kwenye maua ya watu. Abdillah akakisukuma mbali kikombe chake. Mzee Abdurahmani akasimama, akamnyooshea kidole mkwewe, si mwanawe aliyepika chai, mkwewe! "Umenidhalilisha mbele ya mgeni. Uchafu kama huo unauwekaje kwenye friji yangu?"

Uchafu! Chakula cha mjukuu wake. Na hapo Bi Mwajuma alikuwa anaingia na ndoo, Faridu mgongoni analia njaa, na katika watu wale wote hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza mtoto atakula nini. Mzee Heche akaswaga dume lake akarudi nalo Nyambureti. Mzee Abdurahmani alikwenda kwa shehe kuuliza kama, kwa kuwa wote watatu walikunywa, sasa Kuruthumu amekuwa mama yao wa kunyonya na ndoa ya Abdillah imeharamika. Shehe alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia hukumu hiyo ni ya watoto walio chini ya miaka miwili, si ya wenye ndevu. Mzee akarudi roho imetulia. Lakini friji ikabaki marufuku. Jioni ile ile alikuwa ameitia kufuli, ufunguo mfukoni.

Abdillah akasema mzee ana hasira, tumwache zitapoa.

Hazikupoa. Kuruthumu aliendelea kukamua, akawa anakiweka kikombe ndani ya beseni la maji, kwenye kivuli. Lakini chumba chao ni cha bati, na bati linavyochoma mchana unalijua. Ikifika saa tano tayari yananuka, Bi Mwajuma anayamwaga huku anaona uchungu, anampa mtoto uji wa maji. Siku ya kwanza, ya pili, wiki, wiki ya pili. Faridu akaanza kushika kijiko kwa meno mawili na kukiachia bila kumeza.

Siku ya kliniki wakamning'iniza kwenye mizani. Kilo saba kamili. Nesi akarudia kupima, akatazama kadi, akamtazama Kuruthumu.

"Mama, ulikuwa unafanya vizuri. Umemfanya nini mtoto?"

Kuruthumu alikuwa ameshaandaa la kusema. Meno yanaota, homa kidogo; mwanamke aliyeolewa huficha ya nyumbani kwake. Akafungua mdomo, na hasira ya wiki mbili nzima ikampanda. Amfanye nini yeye? Yeye anayeamka alfajiri? Akatoa simu, akampigia mumewe, akaweka sauti ya nje. Akina mama kwenye mabenchi wakageuka kutazama.

"Abdillah, niko kliniki. Mwanao amepungua gramu mia tatu. Nesi anauliza nimemfanya nini. Mjibu."

"Kuruthumu, nina wateja hapa."

"Na mimi nina mtoto hapa. Mjibu."

Zikasikika pikipiki huko dukani. Kisha Abdillah akasema, taratibu, "Nesi, maziwa yake nilipikia chai ya mgeni. Baba akakasirika, akafunga friji."

"Haya," nesi akasema. "Na wewe baba mtoto, friji ilipofungwa, ulifanya nini?"

Faridu alikuwa bado ananing'inia kwenye mizani, miguu haigusi kitu.

"Sikufanya kitu."

"Rudia," Kuruthumu akamwambia. "Wa mabenchi ya nyuma hawakusikia."