Kata Iliyojaa Maji

Baba alituachia mtumbwi mmoja na sharti moja. Kabla ya kumvusha mtu Mto Kagera, ujaze maji kata ya kibuyu hadi ukingoni, uteremke nayo kutoka mlangoni mpaka mtoni. Yakimwagika, usishike upondo wa kusukumia mtumbwi. "Mkono wenye hasira au hofu," alisema, "hausikii mto unasema nini."

Yeye na mama walipofariki, zama za Wajerumani, niliacha chuo cha Kurani nikashika upondo. Wadogo zangu walikula kwa mto ule.

Asubuhi moja baba mdogo alikuja kutoka Bweranyange kuwagawa wadogo zangu kwa ndugu. Alisema mimi siwezi kulea. Akaketi uani kungoja jibu. Hata sijamjibu, akafika abiria: mwalimu wangu wa chuo, mzaliwa wa pwani mwenye duka Nyaishozi, na mizigo yake ya chumvi. Msafara wake ulikuwa umekwisha vuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Upesi, mwanangu, wataniacha!"

Nikajaza kata. Sikufika mbali, miguu yangu ikawa imelowa. Nikarudi nikaketi.

"Sivushi sasa."

"Chuo ulikikimbia, na mto nao unaukimbia?"

"Sikimbii. Nikizama leo, wadogo zangu watagawanywa kama ndizi."

"Ushirikina mtupu!" Akaninyang'anya kata, akaijaza, akateremka nayo kifua mbele. Nusu ya maji ikaishia kwenye kanzu.

"Mteremko huu mbaya," akasema.

"Ni uleule tangu enzi za baba, mwalimu."

Akakaa juu ya chumvi yake, akanipa mgongo. Mimi nikaenda kuambua maharage na wadogo zangu mpaka pumzi ikatulia. Jua lilipopanda nilijaribu tena, kata ikafika nzima. Tukapenya mafunjo. Katikati mkondo ulituvuta kwa nguvu, nikausikia, upondo ukashika chini.

Ng'ambo hapakuwa na msafara.

"Umeniharibia safari!"

"Lakini chumvi yako kavu," nikasema, nikageuza mtumbwi.

Baba mdogo alikuwa bado uani. Nilimchotea maji ya kunywa kwa kata ileile, imejaa pomoni, nikapiga goti nikampa kwa mikono miwili. Halikudondoka hata tone.

"Hawaendi," nikamwambia.