Bao la Pekupeku

Tulifungwa matano kwa moja kule Ruangwa, na katika mabao yote sita watu wa Nachingwea walikasirikia moja tu, lile la kwetu. Nilikuwepo. Nilikaa katikati yao, tena kwenye kibanda changu mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka yale mazungumzo nashikwa na hamu ya kumzaba mtu kofi. Wa kwanza kuzabwa ningekuwa mimi, lakini hilo nitalifikia.

Miaka ile mashamba ya karanga yalikuwa yameujaza mji wetu watu na vyuma. Mimi nilikuwa fundi viatu karibu na soko. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukata makatambuga, viatu vya matairi, na matairi mabovu hayakuwa na mwisho. Nilikuwa na kisu, sindano, nyundo na kipande cha reli nilichokitumia kugongea. Mtu akiniletea kiatu sikumwambia kimekufa. Nilikishona, nikakibandika, nikakipiga msumari, kikatoka kikitembea. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, na niliipenda kuliko ilivyostahili.

Sasa bwana mmoja wa karakana ya matrekta, mzungu mpenda mpira, akatuletea gunia la daluga kuukuu, viatu vya kuchezea mpira, walizokuwa wakizivaa wenzake. Alitupa kwa moyo mweupe akaenda zake. Lile gunia liliwapanda watu kichwani. Timu zote za jirani zilicheza pekupeku, na sisi ghafla tukawa na viatu vyenye njumu chini! Aliyepandwa zaidi ni karani wa ghala, ambaye hakuna aliyemchagua kuwa mkubwa wa mashabiki lakini alikuwa. Alivaa soksi mpaka magotini, na mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja haina wino. Alitangaza kwamba kuanzia siku ile sisi si timu ya shamba tena, sisi ni timu ya mji.

Daluga zenyewe zilikuwa ndefu, nyembamba mbele. Miguu ya vijana wetu ilikuwa imekulia kwenye jembe, vidole vimetanuka, kila kimoja kimejichukulia nafasi yake. Urefu niliuziba kwa matambara. Upana sikuwa na la kuufanya, na wala hakuna aliyeniuliza. Waliniita daktari wa daluga, nami nikavimba kichwa nikaendelea kugonga misumari.

Mchezaji wetu mmoja tu ndiye aliyekuwa na mpira wa kweli, winga wa kushoto, kijana wa Chiola. Hakuwa mtu wa karakana wala wa ghala. Alikuwa analima na baba yake, na siku ya mechi alikuja kwa miguu asubuhi, akacheza, akarudi. Hakuwa msemaji. Mpira ukimfikia mguuni ulikaa pale kana kwamba umefika nyumbani, na mabeki walimpisha bila kujua kwa nini wamempisha.

Tulikwenda Ruangwa kwa lori, tukiimba njia nzima. Wenzetu walipoingia uwanjani, mashati rangi mbalimbali, miguu mitupu, upande wetu ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Karani aliwauliza kwa sauti kama wamekuja kucheza au kupalilia ufuta. Mpira ukaanza, na kabla ya jasho kutoka walikuwa wameshatufunga. Wakarudia. Vijana wetu walikuwa wanatembea kama kuku waliofungwa kamba miguuni. Ukipigwa mpira wa mbali, mtu wetu alianza kwanza kufikiri mguu atautia wapi, na mtu wa Ruangwa alikuwa ameshafika, ameshauchukua, ameshaondoka. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kwa manne.

Kipindi cha pili walitia la tano. Ndipo daluga la kushoto la yule winga likapasuka ubavuni, likafunua mdomo. Alikaa chini kwenye mstari, akalivua, akalitazama, kisha akalivua na la pili. Alizipanga vizuri pembeni, pua zikitazama nje, kama mtu anayeingia msikitini. Akarudi uwanjani.

Mpira wa kwanza alioupata alikwenda nao. Alimpita wa kwanza, wa pili akaanguka mwenyewe, golikipa akatoka, naye akausukuma taratibu pembeni mwake. Watu wa Ruangwa walipiga makofi. Nasema watu wa Ruangwa! Upande wetu nilipiga mimi na wengine wachache, na karani akageuka akatutazama mpaka mikono ikashuka yenyewe.

Jumatatu alasiri, watu walipotoka kazini, walijaa kibandani kwangu. Wenye bahati walikalia matairi yangu. Lile daluga lililopasuka lilikuwa katikati yao, juu ya kipande changu cha reli, na kila aliyesema alilitazama kwanza.

Akaanza mpishi wa wazungu, mtu aliyejua kila kitu kwa sababu alisikia mambo mezani. "Uwanja wao una mwinamo," alisema. "Mpira wenyewe unateremkia golini kwetu. Pale hata malaika wanafungwa."

"Kipindi cha pili tuligeuza magoli," nilimkumbusha.

"Na mwinamo ukageuka," alinijibu, na watu wakaitikia ndiyo, ndiyo, kana kwamba wamewahi kuona ardhi ikigeuka na wachezaji.

Mwingine alisema wamefukia kitu golini. Mwingine akasema vijana wetu walikula muhogo asubuhi ukawakaa tumboni. Dereva mmoja wa trekta aliapa kwamba jua la Ruangwa ni kali kuliko la kwetu, na jua ni hilohilo moja. Niliwasikiliza wanaume wazima, wenye wake na watoto, wakizunguka lile daluga bila hata mmoja kulinyooshea kidole. Wote waliona vijana wakichechemea kwenye lori tuliporudi. Wote waliona damu kwenye matambara. Lakini ungesema daluga ndizo zilizotufunga, ungekuwa umesema tulicheka bure, na hilo hakuna aliyekuwa tayari kulisema.

Karani aliwaacha wachoke. Kisha akasimama, akapangusa suruali.

"Jamani, kufungwa ni mchezo," alisema. "Mimi matano hayaniumi. Linaloniuma ni lile moja."

Wakamgeukia.

"Tumekwenda pale watu wa mji, tumevaa. Kijana wetu anakaa chini mbele ya halaiki, anavua viatu, anakimbia miguu mitupu kama anafukuza nyani shambani. Na anafunga! Sasa watu wa Ruangwa watasemaje? Watasema hata hawa, ukiwavua, ni kama sisi."

"Wameshasema," mpishi akadakia. "Nimesikia kwa masikio yangu."

"Basi bao lile si letu. Tumefungwa matano bila. Na wakija huku kwa marudiano, asiye na daluga mguuni haingii uwanjani, awe nani."

Wakakubali. Wallahi wakakubali, wakapiga makofi, makofi yaleyale waliyomnyima yule kijana. Karani akanigeukia.

"Fundi, hiki kiatu kinatengenezeka?"

Nililichukua daluga, nikalipindua. Ngozi ilikuwa imechanika tangu kidole cha mwisho hadi karibu na kisigino. Kusema kweli lilikuwa la kutupa.

"Kinatengenezeka," nilisema.

Kesho yake asubuhi winga akaja. Habari zilikuwa zimeshafika Chiola kabla ya jua. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa mtu asiyependa kusema alisema mengi.

"Shikamoo, fundi. Nimesikia walivyokata shauri. Nakuomba kitu kimoja. Waambie kimekufa."

"Kipi?"

"Kiatu. Waambie kimekushinda. Kiatu kikifa hakuna kingine cha kunitosha, gunia limekwisha, najua. Basi wataniacha nicheze hivihivi, winga mwingine hawana. Mimi nalima siku sita, fundi. Huo mpira ndiyo siku yangu moja."

Akauinua mguu kidogo anionyeshe. Mimi nilikuwa na lile daluga mapajani, na ndilo nililolitazama.

"Hakijaingia kiatu humu kikanishinda," nilimwambia.

"Najua. Ndiyo maana wakisikia kwako wataamini."

Neno moja tu lilitosha. Karani angeguna, mpishi angetafuta sababu, na kijana angecheza. Lakini akilini nilimwona karani akipita sokoni akisema fundi ameshindwa, nikawaona watu wakipeleka viatu vyao kwa yule mwenzangu wa upande wa pili wa soko, ambaye hata uzi kuutia nta hajui. Nikamwambia kijana asiwe na wasiwasi, nitamtengenezea hata yeye mwenyewe hatapajua palipochanika.

"Haya, fundi," alisema. Akavaa kofia akaenda.

Nilifanya kazi siku tatu. Nilishona uzi mara mbili, nikapaka nta, nikatia kiraka cha ngozi nzito ya mkanda wa mashine, nikakigonga mpaka kikalala. Kiraka kilikula hata ile nafasi ndogo iliyokuwepo, lakini kwa macho lilikuwa limependeza. Nikalitundika na mwenzake kwenye nguzo ya mbele, watu wakija wanalishika, wanatikisa kichwa, wananisifu. Karani alilileta mpaka puani kabisa. Akasema mji una mafundi.

Winga hakuja kulichukua. Wiki ya kwanza karani alisema anaona haya. Wiki ya pili alisema ataletwa na mpira wenyewe. Siku ya marudiano lilikuwa bado linaning'inia pale, na mimi nikalichukua nikaenda nalo uwanjani mkononi, nimpe pale pale mbele ya watu.

Lori la Ruangwa likaingia, wachezaji wakaruka mmoja mmoja. Wa tano kuruka alikuwa yeye. Shati si la kwetu, miguu mitupu.

Ulizuka mzomeo sijapata kuusikia. Karani alimwendea mbio, soksi zikishuka.

"Wewe! Wewe mtu wetu! Wewe wa Chiola!"

Kijana hakupandisha sauti. "Chiola kwa baba, bwana karani. Mama yangu mtu wa Likunja, kulekule Ruangwa, na mjomba wangu yuko Likunja. Mtu ni wa kwa mjomba wake. Kwenu vipi?"

Karani alikuwa Mmwera kama yeye, watu wa kufuata ukoo wa mama, na mwenyewe alilelewa kwa mjomba wake, mji mzima ulijua. Akarudi upande wetu kutafuta mtu mwingine wa kumfokea. Kutoka Chiola kwenda Likunja ni mwendo, na yule kijana aliuhesabu kuwa mfupi kuliko kuvaa nilichokishona.

Sitawachosha na mpira. Tulifungwa matatu, na sisi hatukupata hata lile moja la kukasirikia. Mawili alifunga yeye. La tatu lilitokana na beki wetu aliyepiga teke, daluga likachomoka, likaruka mbele kuliko mpira, na matambara yangu yakatawanyika uwanjani watu wa Ruangwa wakiyahesabu kwa sauti. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika jozi nzuri kuliko zote, nimeikumbatia kifuani kama mjinga.

Siku iliyofuata walirudi kibandani. Mpishi alisema kosa ni la uwanja wetu, matrekta yameusawazisha mno, uwanja wa mpira unataka mwinamo kidogo. Wakaitikia ndiyo, ndiyo. Karani alisema kinachotakiwa sasa ni soksi, tuombe soksi ndefu, kwa sababu timu isiyo na soksi haiheshimiki. Nikaendelea kukata tairi. Niliwadharau wote mmoja mmoja, nikachukua tairi jingine.

Baada ya siku chache, akiwa njiani kwenda kuwaona wazazi wake Chiola, winga akapita kibandani. Alinisalimia kwa adabu ileile. Alitaka makatambuga, alikuwa na safari nyingi sasa za kwenda na kurudi. Nilitandika kipande cha tairi chini, akaweka mguu juu, nikachukua mkaa kuuchora.

Ndipo nilipoutazama. Ulikuwa mpana mbele, vidole vimeachana. Kidole cha mwisho hakikuwa na kucha, na ubavuni palikuwa na kovu bichi, jekundu, refu kama ule mshono wangu. Mguu huu ndio alioniinulia asubuhi ile mlangoni. Nilipitisha mkaa polepole, nikafika pale penye kovu nikasita.

Aliinua macho akaiona jozi kwenye nguzo, nilikuwa nimeirudisha palepale.

"Kimependeza," alisema. Hakuwa ananikejeli. Ningependa kama angenikejeli.

Kisha akaniuliza kama ninaweza kuacha nafasi kidogo pale kwenye kidole cha mwisho.

Nikamwambia naweza.