Kifaransa cha Shemeji

Marehemu mume wangu alikuwa mkalimani wa Kifaransa. Pacha wake, shemeji yangu, ni fundi wa majokofu. Walifanana hata mama yao akawa anamwogesha mmoja mara mbili na mwingine haguswi na maji. Kwa hiyo shemeji aliponijia akitaka kujifunza Kifaransa, sikuwa na wasiwasi. Kipaji kile kimo katika damu ya ukoo huu, na ukoo huu haujawahi kuaibika mbele ya wageni.

Binti yake aliyeolewa ughaibuni alikuwa anamleta mwanawe wa miaka mitano, asiyejua lugha nyingine ila Kifaransa.

"Shemeji, nitamtazama tu mjukuu wangu kama picha ya ukutani?"

Nikamketisha sebuleni, nikampa sentensi nzuri za adabu alizonifundisha marehemu. Akatoka jasho kama anayeng'olewa jino. Alichokimeza jioni, asubuhi kilikuwa kimeyeyuka.

"Pacha wako alishika mara moja," nikamwambia.

"Pacha wangu alilelewa kwa shangazi, nyumba nzima Kifaransa. Mimi nimelelewa na majokofu."

Hilo la shangazi huwa naliruka ninapowasimulia watu habari za damu.

Kisha akapata kazi ya kutunza majokofu ya hoteli moja. Mpishi mkuu wa pale alizungumza Kifaransa tu, tena cha kufoka. Masomo ya sebuleni yakafa, nami nikakata tamaa.

Mjukuu alipofika, alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Nikamkonyeza shemeji: zile sentensi za adabu! Akafungua kinywa, na kwa Kifaransa kilichonyooka akanguruma: "Pisha njia, mchuzi wa moto unapita!"

Mtoto akaruka pembeni, akatazama huku na huku. "Mchuzi uko wapi, babu?"

"Umeungua! Nani kaacha moto mkubwa? Wewe?"

"Si mimi! Ni wewe!"

"Shemeji, jamani," nikanong'ona, "ndiyo salamu gani hiyo?"

"Ananielewa, shemeji!" Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mchana kutwa wakafokeana hivyo, mtoto kapanda mabegani anamwita mvivu, babu anatishia kumfukuza kazi. Lafudhi ilikuwa ya marehemu mtupu. Maneno ndiyo marehemu asingeyatamka hata kwa homa. Jirani yetu, mwalimu wa Kifaransa, alipotokea langoni, nilifunga madirisha yote, nikatoka kumlaki mwenyewe, nikamweleza kwamba leo shemeji anafundisha mapishi.