Zakayo Atolewe Katikati

Kwenye kiwanja cha mchanga kule Mabela, pembezoni mwa Maskati, nyuma ya nyumba mpya ambazo nyingine hata rangi bado hazijapakwa, kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri huegeshwa gari tatu nne, buti zikielekea uwanjani. Buti hufunguliwa, chupa za chai hushushwa, na ubishi huanza. Mchezo wenyewe huja baadaye.

Marhoon ni mmoja wa wabishi hao, ingawa yeye hubisha polepole, kama mtu anayemenya chungwa. Kazaliwa Tabora, akaja Maskati ndevu ndio kwanza zinachipua, akaendesha gari mpaka alipostaafu. Watu humuuliza vipi mtu wa Tabora akaupenda mchezo wa besiboli, ambao hata jirani yake haujui. Jibu lake fupi. Alikuwa akiwaendesha Wajapani, mainjinia wa maji, na kila Ijumaa kazi yake ilikuwa kuwapeleka kiwanjani na kuwangoja. Mwaka wa kwanza alilala garini. Wa pili akashuka kutazama. Wa tatu akawa anawagombeza.

Anayejua mpira wa miguu tu asitishike. Yupo mrushaji, anasimama juu ya kichuguu cha mchanga, anarusha kijipira kigumu kwa nguvu zake zote. Mbele yake yupo mpigaji na gongo lake, anataka kukipiga kile kijipira kiende mbali, apate nafasi ya kukimbia. Zamu ni saba, kila timu inapiga, kila timu inarusha. Mrushaji akiwa mzuri, wenzake wanaweza hata kupiga miayo.

Na timu ya Mabela inaye mzuri. Anaitwa Zakayo, kijana wa Dar es Salaam, aliyejifunza mchezo huu sekondari. Siku za kazi yuko kwenye ghala moja huko Rusayl, ananyanyua maboksi. Ijumaa yuko juu ya kichuguu. Aliyemleta timuni ni Marhoon mwenyewe, alipomkuta siku moja nje ya duka anarusha kokoto kwenye pipa, na hakuna iliyokosa.

Sasa, Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza, Zakayo alirusha zamu zote saba bila ya kupumzishwa, wakashinda. Watu wakamshangilia, wakampiga mgongoni. Marhoon akamjazia kikombe cha chai, akampelekea. Zakayo akakipokea kwa mkono wa kushoto.

"Umeona adabu hiyo?" Yaqoob akasema kijana alipokwenda zake. Yaqoob ni rafiki wa Marhoon wa miaka mingi, alikuwa mtu wa wizarani, na sauti yake bado ni ya wizarani. "Mzee anampa chai, yeye anapokea kwa kushoto!"

Marhoon alimjua Zakayo. Tangu aje hakupata kumpokea mtu mzima kitu kwa kushoto, hata akiwa na mzigo kwenye kulia huutua kwanza. Basi ule mkono wa kulia ulikuwa umegoma. Na Marhoon aliwahi kuuona mkono uliogoma. Katika wale Wajapani alikuwepo mmoja, mcheshi sana, alirusha kila Ijumaa mpaka mwisho kwa sababu wenzake walikuwa hawana mwengine. Mwaka wake wa mwisho Maskati, Marhoon ndiye aliyekuwa akimfunga kifungo cha shingoni kabla ya kumpeleka kazini.

"Watu wa Rusayl wamekuja tena," Yaqoob akaendelea. Timu ya Rusayl ilikuwa na wapigaji wa kumwaga, mrushaji hawana. "Wanasema tumtoe Zakayo, watupe yule mpigaji wao, lile jitu. Na msimu ndio huu uko katikati, ruhusa ya kubadilishana wachezaji inakwisha Ijumaa ijayo, mechi ikimalizika. Tumtoeni, bwana!"

"Hatoki mtu," Marhoon akasema.

"Kwani mwanao?"

"Asipokuwa mwanangu ndio nimtupe?"

"Yakhe, hapa hatutupi mtu. Kama hamtaki kumtoa, basi arushe mpaka mwisho, kila wiki! Au mnataka kumweka kabatini kama sahani za harusi?"

"Nnataka arushe mpaka mwakani. Wewe unataka arushe mpaka Ijumaa."

Shariffa, mkewe Marhoon, alikuwa kakaa kiti cha mbele, mlango wazi, anavunja njugu. "Nyinyi mnabishania mkono wa mtu," akasema, "na mwenye mkono hamjamuuliza."

Hakuna aliyemsikiliza. Awadh, nahodha wa timu, alipita akasema lake. Yeye hatamlazimisha mtu. Zakayo mwenyewe akikubali kwenda Rusayl ataenda, akikataa atabaki. Wiki nzima ikawa ni hilo tu kwenye kundi la simu: tumtoe, tusimtoe, wametuomba tumtoe.

Marhoon kuandika kwenye simu hawezi vizuri, vidole vyake vinene, akibonyeza herufi moja zinakuja tatu. Yeye hutuma sauti. Jumatano, baada ya kuuwaza sana ule mkono, akakaa barazani kwake, akasafisha koo, akasema:

"Jamani, salaam aleikum. Mie nna rai yangu moja. Zakayo atolewe katikati. Tusingoje mwisho. Mkono ule ushatumika sana. Taimur yupo, kijana mzuri, naye apewe nafasi. Ahsanteni."

Akaweka simu chini, roho yake nyeupe. Kwake yeye alikuwa amesema maneno yale yale aliyokuwa akiyasema zamani kwa Wajapani, kwamba mrushaji atolewe katikati ya mchezo, zamu ya nne au ya tano, akae, Taimur, mrushaji wa akiba, amalizie.

Alhamisi asubuhi Awadh akampigia. "Ami Marhoon, nimeshangaa, wallahi. Nilijua wewe ndiye usiyetaka atoke."

"Atoke wapi?"

"Zakayo kaniambia anakwenda Rusayl. Kasema, ikiwa hata Mzee Marhoon kachoka naye, yeye hana la kungoja. Kesho mechi ikiisha ananipa jibu la mwisho."

Hajakata simu vizuri, Yaqoob naye akaingia, kicheko mbele. "Ahsante sana! Mie nimepiga kelele mwezi mzima, wewe umemaliza kazi kwa dakika moja!"

Shariffa akaichukua simu, akaisikiliza ile sauti ya mumewe mwanzo mpaka mwisho. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Marhoon, umemfukuza mtoto wa watu."

"Mie? Nimesema atolewe katikati!"

"Katikati ya nini?"

"Ya mchezo!"

"Sasa mchezo umeutaja wapi? Watu wiki nzima wanazungumza kumtoa katikati ya msimu, kumpeleka Rusayl. Na wewe unakuja na 'atolewe katikati, mkono ushatumika.' Mkono ushatumika, kama tairi! Ungekuwa wewe ungefahamu nini?"

Marhoon akampigia Zakayo. Simu haikupokelewa, maana ghalani wafanyakazi huacha simu mlangoni. Basi Marhoon, kwa haraka ya kutengeneza, akabonyeza akatuma sauti ya pili, safari hii kwa Zakayo peke yake:

"Zakayo mwanangu, hukunifahamu. Mie sikusema uondoke. Nimesema utolewe tu. Ukishatolewa unakuja unakaa na sisi, unakunywa chai, hapana ugomvi."

Shariffa alijishika kichwa. "Ya Rabbi! Mnyang'anyeni huyu mtu simu."

Jibu la Zakayo likaja jioni, limeandikwa, maneno mawili. Sawa mzee.

Ijumaa Marhoon hakungoja watu. Alisali alasiri msikiti wa karibu na kiwanja, akatoka viatu havijakaa vizuri miguuni. Zakayo alikuwepo, peke yake, anajinyoosha karibu na kichuguu.

"Shikamoo mzee."

"Marhaba. Umekasirika?"

"Hapana."

"Umekasirika. Siku zote unaniita babu."

Zakayo akatazama mchanga. "Angesema Mzee Yaqoob ningecheka tu, nimemzoea. Lakini wewe ndiye uliyenileta hapa. Nilikuwa simjui mtu Maskati nzima, ni ghala na chumba, chumba na ghala. Halafu nasikia sauti yako mbele ya watu wote, nitolewe. Na ya pili ndiyo ikaniua kabisa. Unanitoa, halafu unanikaribisha chai!"

"Utolewe mchezoni, Zakayo! Zamu ya nne, ya tano, umpe Taimur mpira, upumzike. Si utolewe kwetu. Wallahi hata usingizini sijasema hivyo."

Zakayo akaacha kujinyoosha. "Lakini wiki nzima neno la watu wa Rusayl lilikuwa hilo hilo. Kunitoa, kunitoa."

"Nnajua. Mie nimepakia neno bila ya kutazama lina mzigo wa nani ndani." Akamsogelea. "Hebu nyanyua mkono."

Zakayo akaunyanyua. Ulifika usawa wa bega, ukasimama. Akajaribu kucheka. "Hapo panagoma kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya. Usiwaambie."

Marhoon akamhadithia yule Mjapani, na kifungo cha shingoni, na namna yule mcheshi alivyokuwa anatazama pembeni akifungwa kifungo, mzaha wote umemwisha. Hakuwa amemhadithia mtu habari ile, hata Shariffa. "Wewe keshokutwa una maboksi ya kunyanyua," akasema. "Mkono ukikuacha hapa, na kazini unakuacha."

"Rusayl wameniahidi nitarusha mechi nzima, kila wiki."

"Hiyo ahadi au adhabu?"

Zakayo akacheka, safari hii kweli. Halafu akakunja uso. "Tatizo, babu, mrushaji akitoka katikati, watu wanasema kashindwa. Mimi hapa sina jina jingine. Ghalani wananiita wewe, kijana, sadiki, yaani rafiki. Hapa ndipo wanasema Zakayo."

Gari zilikuwa zimeanza kuingia.

"Wacha nifikirie nikiwa kule juu," Zakayo akasema, akakipanda kichuguu.

Mechi siku hiyo ilikuwa na watu wa Khuwair ya Kusini. Nahodha wa Rusayl naye alikuja kutazama, akaegesha gari lake upande wa pili, kashika kiuno kama mtu anayengoja mzigo wake ushuke. Zakayo alianza vizuri. Zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, wapigaji wa Khuwair walipiga hewa tu. Mabela wakapata mikimbio miwili, yaani pointi mbili.

"Unaona?" Yaqoob akanguruma. "Huyo ndiye mnataka akae! Muacheni mpaka mwisho, kisha tumtoe kwa bei nzuri!"

Zamu ya nne mpira ulianza kushuka kasi. Marhoon aliona, baada ya kila mrusho, kijana anauachia mkono uning'inie, halafu anautikisa kama mtu aliyepigwa na umeme. Khuwair wakapata mkimbio mmoja. Zamu ya tano ikaanza. Marhoon akasimama, mdomo wazi, neno liko hapo kwenye ulimi, akalimeza. Akaliogopa. Badala yake akapiga kelele: "Mpeni maji!"

"Maji gani?" Shariffa akamuuliza. "Sema neno lako."

"Nilishalisema. Tazama lilivyonifanya."

Pale juu, Zakayo alikuwa ameshika mpira kifuani. Akatazama kule kwenye gari la nahodha wa Rusayl. Akatazama na upande huu. Kisha akamwita Awadh kwa kidole, wakasemezana, na kabla watu hawajajua kuna nini, akampungia Taimur aje, akamtilia mpira mkononi, akashuka.

Watu wakainuka kwenye buti.

"Ameumia?" Yaqoob akauliza.

"Amejitoa," Marhoon akasema.

"Amejitoa timu?"

"Sijui, Yaqoob. Nyamaza."

Nahodha wa Rusayl alikuwa keshaanza kuja, mkono mbele. Wakakutana na Zakayo hatua chache tu kutoka kwenye gari za Mabela, na kila mtu akasikia.

"Vipi, shujaa? Wiki ijayo kwetu? Kwetu hakuna mtu wa kukukatiza."

"Ndiyo maana siji, kaka," Zakayo akamjibu kwa adabu. "Nipo hapa hapa. Na wiki ijayo sirushi kabisa, napumzisha mkono. Awadh nimemwambia."

Mtu wa Rusayl akacheka, akasema hamna neno, akarudi zake. Hapo ndipo wakaanza kupiga makofi, mmoja mmoja kwanza, halafu wote, na jina lake wakalitaja wakiwa wanamtazama amesimama nje ya mchezo, hana mpira mkononi. Zakayo hakujua aweke wapi macho yake. Marhoon akamsogezea nafasi kwenye ukingo wa buti.

Taimur akarusha mpira wake wa kwanza. Ulipita juu ya kichwa cha mpigaji, juu ya mdakaji aliye nyuma yake, ukaenda kugonga mlango wa gari la Yaqoob.

"Huyu ndiye aliyepewa nafasi?" Yaqoob akaruka. "Mtoeni! Huyu ndiye wa kupelekwa Rusayl, tena leo leo, na gari nitatoa mimi!"

"Mlango una mchubuko toka mwaka jana," Shariffa akasema. "Kaa chini."

Taimur alikuwa amesimama kule juu, shingo imemwingia mabegani, mpira mpya mkononi kama kapewa yai. Zakayo akainuka. Akapita kati ya wazee, akafika kwenye mstari wa chokaa, akakusanya viganja mdomoni.

"Taimur! Shusha bega! Usimtazame mpigaji, mtazame mdakaji! Una siku nzima, mdogo wangu, hakuna anayekukimbiza!"

Taimur akageuka kutafuta sauti. Alipoona ni nani, akavuta pumzi, akashusha bega, akarusha.