Karatasi ya Raili Niskanen

Watu wa Ghuba ya Pilkey huwaambia wageni kwamba Raili Niskanen alizua kizaazaa katika ofisi ya bandari kwa ajili ya trela. Nikisikia hivyo damu hunichemka. Nilikuwepo. Mimi ndiye ninayeuza kahawa na nyungunyungu wa kuvulia samaki pale juu ya mteremko wa kushushia mashua, na yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu mawili, aibu yangu mwenyewe ikiwemo.

Raili aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Ndiyo maana hadi leo, akiwa na miaka sitini na minane, hakuna mwanamume hapa anayemfikia kwa kurudisha trela kinyumenyume. Wengine huja Jumamosi na mashua zao, wakakunja huku, wakakunja kule, wake zao wakipunga mikono na kufoka, ndoa zikipasuka mbele ya wateja wangu. Raili hushika usukani kwa mkono mmoja, mwingine una kikombe changu cha kahawa, na Viili inaingia majini bila kahawa kumwagika. Viili ndiyo mashua yake, ya tanga, futi kumi na tisa. Wazee wake Wafini waliita hivyo maziwa mgando. Ndani kuna kitanda ambacho ukikaa wima unagonga kichwa, jiko la moto mmoja, ndoo ambayo sitaieleza, na mikate migumu myeusi ya wiki tatu.

Kwa chombo hicho huenda miezi miwili, kila kiangazi tangu astaafu. Hupita kati ya visiwa vya kaskazini mwa ziwa, hupandisha ule ubao unaoshuka majini chini ya mashua na kujipenyeza kwenye hori za maji mafupi ambako mashua za wenye nazo zingekwama, na hulala humo siku nne mvua ikinyesha, akisoma na kuchemsha supu ya njegere. Watu wa klabu ya mashua humcheka. "Raili, hiyo si safari," Gordon wa klabu alimwambia siku moja dirishani kwangu, "ni kupiga kambi ndani ya karai." Raili hakugeuka hata kumtazama. "Karai langu limezunguka ziwa, Gordon. Lako linajua njia ya baa tu."

Hapa kwetu tuna desturi ambayo mtu aliyelelewa karibu na maji hahitaji kufundishwa. Ukienda safari ndefu, unaacha karatasi nyuma ya kioo cha mbele cha gari: jina lako, rangi ya mashua, unakokwenda, namba ya simu, na siku ya kurudi. Siku ikipita, yeyote anayeiona anawaita waokoaji. Karatasi ile ni uhai wa mtu, na sikuwahi kumwona aliyeichezea.

Mwaka jana Raili aliandika hivi: Kurudi 8/9. Nisiporudi, waiteni waokoaji. Alimaanisha tarehe nane, mwezi wa tisa. Lakini nchi hii haijaamua mpaka leo tarehe iandikwe vipi. Nusu yetu tunatanguliza siku, nusu wanatanguliza mwezi kama majirani zetu wa kusini, na kila mtu anaamini wenzake wote huandika kama yeye. Curtis Lachance, msimamizi mpya wa bandari, kijana aliyetoka kusimamia maegesho ya maduka mjini, aliisoma kuwa ni tarehe tisa, mwezi wa nane. Tarehe kumi na moja Agosti akaita gari la kuvuta, likachukua pikapu ya Raili na trela yake.

Siku hiyo nilikuwa kwa daktari wa meno. Kesho yake nikaona nafasi tupu, nikajiambia Raili amerudi mapema na kwenda zake bila kuniaga. Miaka kumi namchemshia kahawa, hata kwaheri hakuna? Nikanuna. Nilinuna wiki nne nzima.

Tarehe nane Septemba, saa tisa alasiri, Viili ikaingia ghubani. Redio ilikuwa imetangaza upepo mkali wa magharibi kuanzia jioni, na gati letu liko wazi upande huo huo. Mashua nyepesi ikiachwa pale, itagongwa mpaka ipasuke. Raili alifunga kamba, akapanda mteremko, akasimama penye nafasi yake. Kisha akaja dirishani.

"Delphine, gari langu liko wapi?"

"Si ulilichukua mwenyewe? Mwezi mzima nimekukasirikia."

"Nililichukua kwa kitu gani, kwa meno? Nilikuwa majini."

Nikafunga kibanda, tukaenda ofisini pamoja. Curtis alikuwa na adabu zake, hilo simnyimi. Alitoa faili, na ndani yake ile karatasi, imetiwa kwenye mfuko safi wa plastiki.

"Bi. Niskanen, ulipitisha muda. Uliandika tarehe tisa Agosti. Kanuni inasema gari likipitisha siku moja baada ya hapo, limetelekezwa."

"Hiyo ni nane Septemba. Leo."

"Inaweza kusomeka hivyo pia. Mimi nilisoma Agosti."

Raili alivuta kiti akakaa. Sauti yake ikawa ile aliyokuwa akiitumia kwa watoto wa viti vya nyuma. "Haya, mwanangu. Tuchukue ulivyosoma wewe. Nilitakiwa kurudi tarehe tisa Agosti, sikurudi. Mstari unaofuata unasemaje?"

Curtis aliufuata mstari kwa kidole.

"Soma kwa sauti. Delphine hana miwani."

"Nisiporudi, waiteni waokoaji."

"Uliwaita saa ngapi?"

Alifungua faili tena, akalifunga. "Mimi nashughulika na magari, mama."

"Namba yangu iko hapo. Uliipiga?"

Curtis aliusogeza pembeni ule mfuko wa plastiki.

"Kwa hiyo kwa kusoma kwako nimekufa maji mwezi mzima, na ulichookoa ni trela."

Nje, kamba zilikuwa zimeanza kugonga milingoti. Curtis akasukuma fomu mezani. Bila sahihi ya Raili hapo, pikapu na trela havitoki. Ilisema: Mimi, mmiliki, nakiri kwamba nilitelekeza mali iliyotajwa hapo juu.

"Tia sahihi tu, mama, upepo unakuja. Ni neno tu."

Ni neno tu. Ningekuwa na kahawa mkononi ningemmwagia. Raili alitazama dirishani, mashua yake ikipanda na kushuka gatini, akachukua kalamu. Akakata ile sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: Sikutelekeza. Nilitelekezwa.

"Fomu haibadilishwi," Curtis alisema.

"Basi andika wewe kwamba sikutelekezwa, utie sahihi yako na tarehe. Mwezi uandike kwa maneno."

Curtis alichukua mhuri. Kisha akagonga, akasema kwa sauti ya chini kwamba inahitaji pia shahidi.

Pikapu na trela vilifika kabla upepo haujashika kasi, na Raili akaitoa Viili majini nzima. Hilo watu hulisimulia. Hawasimulii kuhusu shahidi. "Shahidi huyu hapa," Raili alisema, akanisogezea fomu. Hakuwa akinisuta, aliona rafiki aliyefunga biashara yake akaja naye. Namba yake ninayo kwenye simu yangu, ninayo miaka kumi sasa, na katika wiki zile nne za kununa sikuipiga hata mara moja. Nikalisoma lile neno, Nilitelekezwa, nikatia sahihi chini yake.